Minyaa ya Veneranda

Jana usiku niliota niko mwisho wa mtaa wetu, pale unapokutana na Barabara ya Mnadani, nimekaa juu ya kitanda changu, na kitanda kina usukani. Sikushangaa. Kilichonisumbua ni kwamba nilitaka kukata kulia niingie barabarani, na magari yalikuwa hayakatiki.

Niseme kwanza mimi ni nani. Naitwa Anselmi Mkude, fundi cherehani. Nyumba yangu ni ya mwisho mtaani, ipo kwenye kona yenyewe, upande wa kulia ukiwa unatoka. Nashonea barazani. Kiwanja changu kimezungukwa na ua wa minyaa. Aliupanda marehemu mke wangu, Veneranda, mwaka ule mbuzi wa jirani walipomaliza mchicha wake. Yeye alifariki miaka minne iliyopita. Minyaa haikufa naye. Imerefuka ikapita bati la nyumba, imenenepa, imejitokeza mpaka juu ya mtaro, na mtu anayetoka mtaani haoni gari linalotoka upande wa kulia mpaka awe amekwisha kuingiza pua barabarani.

Mwalimu Habibu Kingo, jirani yangu wa nyumba ya tatu, aliniomba niikate. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa nne. Mara ya pili ilikuwa mwezi wa sita, alipoleta suruali yake ya kijivu niipunguze miguu. Mara zote mbili nilimjibu kwamba nitaangalia. Wiki tano zilizopita alitoka mtaani asubuhi na baiskeli yake, akakata kulia kwenda sokoni, na lori la mchanga likampata. Dereva alisema hakumwona, kwamba mzee alitokea kwenye majani. Watu walimlaumu dereva. Mimi pia nilimlaumu, tena kwa sauti.

Sasa ndoto.

Kitanda kinanguruma chini yangu. Indiketa imefungwa upande wa mchagoni, kinapokaa kichwa, inawaka na kuzima, na kila inapowaka inasema, "Kulia. Kulia. Kulia." Ina sauti ya mtu aliyechoka na kazi yake lakini hana nyingine.

Mbele yangu kuna kibao chekundu kilichoandikwa SIMAMA. Siku za kawaida hatuna kibao pale. Nikakanyaga breki.

"Simama," kibao kikasema.

"Nimesimama."

"Kitanda kimesimama. Wewe umelala."

Nikajitazama. Kweli nilikuwa nimelala chali, shuka imenifika kifuani. Nikainuka, nikasimama wima juu ya godoro. Kibao kikanitazama kutoka miguuni kwenda juu, kama mteja anavyoitazama nguo ambayo hakuipenda.

"Wengi hufika hapa wamelala," kikasema. "Sheria unaijua?"

"Tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena."

"Basi tazama."

Nikatazama kulia. Niliona minyaa. Nikatazama kushoto. Niliona barabara yote, nyeupe kwa jua, mpaka kule kwenye mashine ya kusaga. Nikatazama kulia tena. Niliona minyaa, imesogea karibu zaidi. Tawi moja lilikuwa linagusa sikio langu.

Malori yanapita. Kila lori ni la mchanga, na kila lori ni lile lile. Nilijua ni lile lile kwa sababu dereva alikuwa amevaa shati nililomshonea mtu mwingine, na kila alipopita alinitolea kichwa dirishani akasema kwa adabu, "Sikumwona, Fundi." Kisha anarudi tena kutoka kulia na kusema hivyo hivyo.

Nyuma yangu honi ikalia mara moja, kwa heshima.

Nikageuka. Nyuma ya kitanda changu kulikuwa na pikapu ndogo ya buluu ya marehemu Mwalimu, na ndani yake Hidaya, binti yake. Hilo halikuwa la ndoto tu. Tangu baba yake afariki, Hidaya ndiye anayeendesha pikapu ile kwenda dukani kwa niaba ya mama yake, na leseni yake haijamaliza miezi mitatu. Anatoka mtaani taratibu sana, anachungulia, anarudi nyuma, anachungulia tena. Mimi humwona kutoka barazani. Huwa nainamisha kichwa nikaendelea kushona.

"Shikamoo, Fundi," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Nimechelewa. Kama wewe huendi, nipishe nitangulie."

"Ngoja kwanza. Hapaonekani."

"Najua hapaonekani. Nimezoea kutoka hivyo hivyo." Alisema kama mtu anayezungumzia mvua.

Nikamwambia asubiri, nikamtafutie nafasi. Sikujua nafasi inatafutwa wapi. Nikashuka kitandani, na mguu wangu ulipogusa ardhi, ardhi ilikuwa sakafu ya saruji, na nilikuwa ofisini.

Ofisi ina benchi moja na dirisha moja. Watu wa mtaa wetu wamekaa kwenye benchi, kila mmoja ameshika usukani mapajani. Nyuma ya dirisha yupo karani, naye ni pasi yangu ya mkaa. Niliitambua kwa mpini wake, ambao niliufunga kitambaa baada ya kupasuka. Makaa yalikuwa yanawaka tumboni mwake, na alikuwa akipiga mihuri kwa kuweka makalio juu ya karatasi na kuzichoma.

"Nataka nafasi ya kuingia barabarani," nikasema. "Moja tu. Kukata kulia."

"Za kushoto zipo," pasi ikasema. "Za kulia zimekwisha."

"Hata ndogo?"

"Ya mwisho tulimpa Mwalimu. Ilikuwa fupi."

Watu wa benchini wakainamisha vichwa. Mimi nikabaki nimeshika kingo za dirisha, zilikuwa za moto.

Pasi ikanisukumia fomu. "Jaza. Zikipatikana utaitwa."

Nikajaza jina, mtaa, na aina ya chombo. Nikaandika kitanda. Swali la nne liliuliza: ua unaoziba ni wa nani? Nikaandika: wa marehemu Veneranda Mkude.

Pasi ikasoma. "Marehemu hana ua," ikasema. "Marehemu ana kaburi. Andika tena."

"Ni yeye aliyepanda."

"Hatukuuliza aliyepanda."

Nikafuta. Nikaandika jina langu, kwa herufi ndogo. Swali la tano liliuliza: nani aliombwa aukate, akasema nini? Hapo nikaweka kalamu chini. Nikasema miwani yangu sikuja nayo. Pasi haikubishana. Ilisogea taratibu, ikakaa juu ya swali la tano, moshi ukatoka, na ilipoondoka palikuwa na tundu la umbo lake. Kupitia tundu lile niliona mtaa wetu, na pikapu ya buluu, na Hidaya ameingiza gia.

"Anataka kutoka," nikasema. "Naomba mnisaidie."

"Nenda kwa trafiki," pasi ikasema. "Anayefuata."

Nikapita kwenye lile tundu la karatasi. Nilipita bila shida, ingawa mabega yalibana kidogo.

Trafiki amesimama katikati ya Barabara ya Mnadani. Ni suruali ya kijivu. Hakuna mtu ndani yake. Miguu yake bado mirefu kuliko inavyotakiwa, imejikunja chini kwenye lami, na kwenye mshono wa kulia kuna pini mbili nilizoweka mwenyewe mwezi wa sita nikaziacha. Ilikuwa inasimamisha malori kwa kuinua mguu mmoja. Malori hayakuwa yanasimama.

"Mbona hukunimaliza?" suruali ikaniuliza.

"Kazi zilikuwa nyingi."

"Zilikuwa nyingi?"

"Hapana," nikasema. "Hazikuwa nyingi."

Ikageuka upande wa lori lililokuwa linakuja, ikainua mguu, lori likapita, dereva akasema hakumwona. Suruali ikarudi kwangu. "Unakwenda wapi?"

"Kulia."

"Basi lia."

Nikadhani sikusikia. "Nakwenda kulia. Upande wa kulia."

"Nimekuelewa. Anayekwenda kushoto anakwenda tu. Anayekwenda kulia ni lazima alie. Ndiyo utaratibu wa kona hii kwa sasa."

Nikajaribu. Nilikunja uso, nikafinya macho, nikafikiria mambo ya kuhuzunisha. Nikafikiria Veneranda wodini, alivyokuwa akiniuliza kama nimemwagilia mchicha, na mchicha wenyewe ulikuwa umekauka nikamwambia umestawi. Nikafikiria mazishi ya Mwalimu, ambako nilisimama nyuma kabisa, nyuma ya watu warefu, na walipouliza kama kuna majirani wa kusema neno nikakazana kufuta viatu vyangu kwa majani. Hakuna kilichotoka. Macho yangu yalikuwa makavu kama vifungo.

Indiketa, kule kitandani, iliendelea. "Kulia. Kulia. Kulia."

"Tutakusubiri," suruali ikasema. "Lakini yule binti wa nyuma yako hatatusubiri."

Nilirudi mbio kwenye kona. Pikapu ya buluu ilikuwa imeanza kukipita kitanda changu, tairi moja juu ya mtaro. Nikaisimamisha kwa mikono miwili, nikaisukuma boneti, nayo ikasimama kwa sababu Hidaya ni mtu mwenye adabu.

"Fundi," akasema, "una nini?"

"Nipe dakika moja."

"Kila siku unaniangalia nikitoka," akasema. "Nilidhani unaniombea."

Nikaigeukia minyaa.

Ilikuwa imefunguka katikati kama pazia, na ndani, mahali panapotakiwa kuwa na shina, alikuwa amekaa Veneranda. Amevaa gauni la maua nililomshonea mwaka tuliofunga ndoa. Matawi yalikuwa yanatoka kwenye mikono ya gauni na shingoni. Hakuonekana kuteseka. Alionekana kama mtu aliyekaa kwenye foleni tangu asubuhi.

"Umechelewa," akasema.

"Nilikuwa nautunza ua wako."

"Anselmi, nilipanda ua kwa ajili ya mbuzi."

"Najua."

"Mbuzi wenyewe wako wapi?"

Nikafikiri. Jirani mwenye mbuzi alihama zamani, na mbuzi waliliwa siku ya harusi ya mwanawe. Mimi mwenyewe nilikula. Nikamwambia.

"Basi sasa ni ua wa kuzuia nini?" akauliza.

Alinitazama bila hasira. Nilikumbuka kwamba hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kukasirika. Alikuwa akikuuliza swali, halafu anaendelea na kazi zake, na wewe unabaki nalo siku tatu.

"Nikikata sitabaki na kitu chako," nikasema.

"Una cherehani niliyokununulia. Una sufuria zangu. Una watoto wawili huko Songea ambao huwapigii simu." Akatikisa tawi moja lililokuwa linatoka begani. "Hili halikuwa langu hata nilipokuwa nalo. Limejiotea. Kata, nimechoka kurefuka."

Nikatoa mkasi wangu wa kitambaa mfukoni na kukata tawi lililokuwa karibu. Utomvu mweupe ukaruka ukaniingia machoni yote mawili. Kila mtu anayeifahamu minyaa anafahamu maumivu yake. Nikalia. Nililia kama mtoto, kwa mdomo wazi, maziwa na machozi yakinichuruzika shingoni, na kwa mbali nikasikia suruali ikisema, "Huyo tayari. Mruhusuni."

Malori yakanyamaza. Indiketa ikanyamaza.

"Umekata tawi moja," Veneranda akasema. Sikuwa namwona tena, nilimsikia tu. "Umeanza kulia kabla ya kazi."

"Wameniruhusu."

"Wamekuruhusu wewe. Na yule?"

Nilitaka kumjibu kwamba nitaangalia, lakini neno lile liligoma kutoka. Nikapapasa mpaka kitandani, nikapanda, nikashika usukani. Sijui kwa nini sikubaki nikate. Nafikiri ni kwa sababu nilikuwa nimeruhusiwa, na mtu akisharuhusiwa huona haya kukataa. Nikaingia barabarani huku sioni kitu, kitanda kikakata kulia vizuri kabisa, kwenda upande wa sokoni.

Hatua kumi mbele kitanda kikagonga kitu, kikainuka magurudumu ya mbele, kikakwama.

"Taratibu," sauti ikasema kutoka chini. "Hapa kuna tuta."

Nikafuta macho kwa shuka mpaka nikaanza kuona ukungu. Nilishuka. Kweli lilikuwa tuta, limekatiza barabara yote, limepakwa rangi nyeupe na nyeusi, rangi bado mbichi. Mtaa wetu umeomba tuta miaka mingi. Nikainama nikaona kwamba katikati ya lami kuna uso, umeangalia juu, na ni uso wa Mwalimu Habibu. Ndevu zake nyeupe zilikuwa zimepakwa rangi nyeusi kwa upande mmoja.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

"Marahaba, Fundi. Hujambo?"

"Sijambo. Wamekuweka hapa?"

"Waliniambia tuta haliwekwi mpaka apatikane mtu. Nikasema kama ni hivyo basi, mimi nipo." Alizungumza kama alivyokuwa akizungumza barazani kwangu, polepole, akimalizia kila neno. "Si mahali pabaya. Alfajiri kuna ubaridi. Na nasikia watoto wakienda shule."

"Magari yanapunguza mwendo?"

"Mengine. Yenye haraka hayapunguzi. Hayo yananiumiza."

Nikapiga magoti kando yake. Lami ilikuwa ya moto. Nilitaka kumgusa bega lakini sikujua liko wapi.

"Mwalimu, nimekuja kukuomba radhi."

"Ya nini?"

"Ya minyaa. Ulinieleza mara mbili."

"Umeikata?"

"Nimekata tawi moja."

"Hidaya yuko wapi?"

"Nyuma yangu. Bado yuko kwenye kona."

"Anaona?"

"Haoni."

"Basi radhi ya nini, Fundi?" akauliza. Aliuliza kwa upole, kama anavyomuuliza mwanafunzi aliyeleta jibu kabla ya kusoma swali.

Nilisikia lori likibadilisha gia kwa mbali. Mwalimu alikunja uso, na rangi mbichi ikapasuka kwenye paji lake.

"Ninachoumia zaidi ni shingo," akasema. "Wametumia kokoto kubwa. Sikutaka kuwasumbua kwa jambo dogo kama hilo."

Nikarudi kitandani, nikachukua mto wangu, ule mmoja nilionao, wenye foronya ya kitambaa cha mistari. Nikainua kichwa chake kwa mkono mmoja. Kilikuwa kizito, kina joto, na lami ilinata kwenye vidole vyangu. Nikausukuma mto chini yake. Akageuza shingo upande huu, akageuza upande ule, akafumba macho.

"Ahsante," akasema. "Sasa ondoka. Hapa si mahali pa kulala."

Lori lilikuwa limefika. Nikageuka kutazama kwenye kona, na nikaona pua ya pikapu ya buluu inatokeza taratibu kwenye majani, inachungulia, inatokeza tena. Nikafungua mdomo nimwite Hidaya, na sauti iliyotoka ilikuwa ya indiketa.

Nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka. Macho yalikuwa yananiwasha, lakini hilo sikulijali, mimi huamka hivyo mara nyingi kwa vumbi la vitambaa. Shingo ndiyo iliyoniuma. Kichwa changu kilikuwa juu ya godoro tupu. Nikapapasa kushoto na kulia, nikainua shuka, nikachungulia uvunguni na nyuma ya kitanda. Nikawasha taa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani kama nilivyoufunga, na dirisha lina nondo. Mto haukuwepo chumbani, na mpaka sasa ninapoandika haya haujaonekana.

Sikuendelea kuutafuta. Nilivaa miwani ya kushonea kwa sababu ya utomvu, nikachukua panga, nikatoka.

Minyaa ilikuwa imesimama kama siku zote. Nilikuwa na tumaini la kijinga kwamba ningelikuta tawi moja limekatwa. Halikuwepo. Nikaanza upande wa barabarani. Si kazi ngumu, minyaa ni laini, inakatika kama muhogo, na kwa miaka yote niliyokuwa nikisema nitaangalia ilikuwa ni kazi ya nusu siku.

Jua lilipochomoza vizuri nikasikia pikapu ikija nyuma yangu. Hidaya akasimama pembeni, akashusha kioo.

"Shikamoo, Fundi. Leo umeamua?"

"Marahaba." Nikaweka panga chini. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yenye mwanzo na mwisho, lakini yalipotea. "Hidaya, baba yako aliniomba nikate huu ua. Mwezi wa nne, na tena mwezi wa sita. Nilimwambia nitaangalia. Sikuangalia."

Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili kama walivyomfundisha. Hakuiondoa. Gari lilikuwa linaunguruma, na yeye alikuwa anatazama mbele, kwenye lami ambako hakuna tuta lolote.

"Mama anajua?" akauliza mwishowe.

"Hajui. Nitakwenda kumwambia."

Akazima gari, akashuka, akafunga mlango taratibu, akaondoka kwa miguu kurudi kwao bila kunitazama. Nikabaki nimesimama. Halafu nikaona hakuna lingine la kufanya, nikaendelea kukata.

Walirudi wawili. Mama Hidaya bado amekaa eda ya mumewe, haruhusiwi kutembea ovyo, na ndiyo sababu nilipomwona amefika mwisho wa mtaa nilijua Hidaya amekwisha kumwambia kila kitu. Alikuwa amejitanda khanga nyeupe mpaka usoni. Nilimwamkia, akaitikia.

"Mara ngapi?" akaniuliza.

"Mara mbili, Mama Hidaya."

"Tatu."

Nikamwambia nakumbuka mbili tu, na kwamba simfichi.

"Ya tatu hukuijua," akasema. "Alikuja kwako ile jioni ya mwisho. Akakukuta umelala kwenye cherehani, kichwa juu ya kitambaa. Akarudi nyumbani. Nikamuuliza, umemwambia? Akasema fundi amechoka, nitamwambia kesho nikitoka sokoni."

Lori la mchanga likapita. Tulisubiri lipite, sote watatu, kwa sababu hatukuweza kusikilizana.

Nikasema, "Naomba radhi." Halikuwa neno la kutosha na halikukaa mahali popote. Mama Hidaya alitazama panga, akatazama minyaa iliyobaki, ambayo ilikuwa zaidi ya nusu, halafu akaenda akaketi kwenye ngazi ya baraza yangu.

"Kata," akasema.

Nikakata. Hidaya alichukua reki ya nyumbani kwao akawa anavuta matawi kuyaweka upande wa mtaro, akiwa amejifunga kitambaa usoni. Hakuna aliyezungumza nami. Watu wanaopita walisalimia, wakaona jinsi tulivyo, wakaendelea na safari zao. Kufika adhuhuri mikono yangu ilikuwa imevimba, na ua wote wa upande ule ulikuwa umelala chini, ukitoa maziwa yake kwenye vumbi.

Mama Hidaya akainuka. Alitembea mpaka mwisho wa mtaa, akasimama pale ambapo wanaotoka husimama, miguu yake karibu na lami. Akatazama kushoto. Akatazama kulia, na hakugeuza tena. Barabara ilikuwa wazi, imenyooka, inatetemeka kwa jua, na kwa mbali sana lori moja lilikuwa ndiyo kwanza linapanda kutoka kwenye daraja la mtoni, dogo kama kifungo. Alilitazama muda wote liliochukua kufika, mpaka likatupita.

"Kumbe mtu anaona mpaka darajani," akasema.